Yule Tuliyemwita Mzimu

Mwanangu Nyemo,

Barua ya mzazi huanza kwa kuuliza hali na kusema kwamba huku sisi sote ni wazima. Leo sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi ukipanda basi la Chemba kwenda kumuaga bibi yako, na ulikuwa mzima wa kupindukia, unataniana na kondakta. Asiye mzima ni mimi. Nina hasira tangu juzi. Na kwa kuwa kesho unapanda basi la Mwanza, nimeona bora nikuandikie sasa hivi mchana kabla hujarudi, kuliko kukusindikiza stendi nikiwa na fundo moyoni.

Mama yako yuko uani anakukaangia karanga. Habari za kula vizuri, za kufunga mlango na za kutotembea na simu mkononi atakwambia yeye, tena atakwambia mara nyingi kuliko unavyotaka. Mimi hizo sina.

Juzi majirani walipokuja kula pilau ya kukuaga, mjomba wako alikuuliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini hasa. Ukasema, "Nitazunguka matawi yao yote ya Kanda ya Ziwa. Naingia kama mteja wa kawaida, napeleka nguo, naangalia wanavyonihudumia, nawapa alama, natoka. Wenyewe hawajui mimi ni nani." Halafu ukataja jina la kampuni, ukanigeukia kwa furaha. Watu walipiga makofi. Mama Jeni wa nyumba ya pili akasema, "Kumbe tumelea mpelelezi," na uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, Nyemo. Nilikaa pale na sahani yangu nikacheka kama mtu anayetekenywa, na wali ukanishinda kumeza.

Jina lile sitaliandika humu. Nililivaa kifuani miaka ya kutosha, na fulana ya mwisho mama yako anapigia deki. Najua ulidhani nitajisikia fahari kwamba mtoto wa dobi anarudi kwenye kampuni ile ile kwa mlango wa mbele. Sikulaumu. Ya pale sikukusimulia hata siku moja. Nilikuwa narudi nyumbani, nanawa, nakuuliza umesoma nini, basi. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nakuficha adui mpaka umekwenda mwenyewe kumuomba kazi.

Kwanza uelewe, ile si kampuni moja. Kuna wenye jina, wako Dar es Salaam, na juu yao kuna wengine huko nje ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwatia machoni. Hao kazi yao ni kukodisha jina. Anayelikodi hununua mashine kwao, sabuni kwao, mifuko ya nguo kwao, na hata rangi ya ukuta humpangia. Hapa kwetu aliyelikodi alikuwa Mzee Kapinga, mstaafu wa serikali aliyetia mafao yake yote pale. Yeye ndiye aliyetuajiri na kutulipa. Lakini amri zilitoka kwa wenye jina, na yeye aliziogopa kuliko sisi.

Mimi nilifika pale nikitoka kubeba magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa, nikaona nimeingia peponi. Kuna feni, kuna kivuli, suti za waheshimiwa zimening'inia kwa mistari. Nilijifunza kazi haraka. Hadi leo ukinipa koti nitakwambia kwa kulishika tu kama limewahi kupigwa pasi na mtu mwenye haraka. Niliipenda kazi ile, usidhani niliichukia tangu mwanzo. Ningeichukia mapema ningeokoka mapema.

Mashine ya mvuke ndiyo iliyonifundisha. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea, kinashuka bila kuguswa. Tulimwambia Mzee Kapinga, akasema fundi yeyote asiyetoka makao makuu akiigusa wanamnyang'anya jina, kwa hiyo tusubiri fundi wao. Tulisubiri. Kifuniko hakikusubiri. Kilishuka juu ya mkono wangu wa kushoto nikiwa nalaza mkono wa shati, na harufu niliyoisikia sitakuelezea, kwa sababu mama yako naye ataisoma barua hii.

Niliporudi kutoka hospitali, Mzee Kapinga alipiga simu makao makuu, akaiweka sauti kubwa ili nisikie anavyonitetea. Akapokea binti mwenye sauti laini sana.

"Pole sana kwa changamoto hiyo," akasema. "Ila huyo si mfanyakazi wetu, mzee. Ni mfanyakazi wa mwenye tawi."

"Mashine ni yenu," Mzee Kapinga akasema. "Fundi ni wenu. Mmenikataza hata kuigusa kwa bisibisi."

"Ni kweli, mzee. Lakini mtu ni wako."

"Na fulana aliyovaa?"

"Fulana ni yetu. Tunaomba aitunze."

Mzee Kapinga alikata simu. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kilichokuwa mfukoni mwake, akaniambia pole, akaniambia pia kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kumpa kazi ya pasi, nitabaki pale kufunga vifungo. Huo ndio werevu wa watu wale, mwanangu. Kukiwa na sifa ni za jina, kukiwa na kidonda ni cha tawi. Unaweza kugonga mlango huu ukatumwa ule, ukagonga ule ukarudishwa huu, hadi nyayo ziote sugu, na kila anayekufungulia ana adabu na anakupa pole.

Sasa nikueleze kuhusu sentensi. Utakuwa umeshafundishwa, lakini hukufundishwa ilivyotuingia sisi. Siku moja alikuja kijana kutoka makao makuu na tai yake, akatupanga mstari kama watoto wa chekechea. Akasema kuanzia siku hiyo kila anayevuka kizingiti, kabla hajasema neno, aambiwe hivi: "Karibu kwenye familia ya usafi. Naitwa fulani. Nikuhudumie vipi leo?" Yeyote yule, awe mtoto au mzee, maneno yale yale, ili mteja wa Arusha na wa Dodoma wasikie kitu kimoja. Salamu nyingine marufuku. Shikamoo marufuku, kwa maelezo kwamba inamfanya mteja kijana ajisikie hakuheshimiwa sawa. Na mbukwa yetu ya Kigogo ndiyo kabisa, hakujua hata kama ipo.

Mama Sechelela akamuuliza, "Na akija mzee wa kunizaa?"

"Mteja hana umri, mama," akajibu yule kijana.

Mama Sechelela alikuwa anapokea nguo kaunta. Mwimbaji wa kwaya, mwanamke mnene, mcheshi, aliyejua kila mteja ana watoto wangapi na nani kafiwa. Watu walipita madobi mengine wakaja kwetu kwa ajili yake. Yule kijana alipoondoka alituachia na tishio, kwamba atakuwa anatuma mtu tusiyemjua, anakuja kama mteja, anatupima. Sisi tukamwita huyo mtu Mzimu. Tulitania sana mwanzoni. Mtu akiingia amevaa kanda mbili tunanong'ona, "Mzimu huyo." Akiingia mlevi, "Mzimu leo kapandisha." Baadaye utani ulikwisha, tukawa tunamtazama kila mtu anayeingia kama mwizi.

Mzimu alikuja. Alikuwa mzee wa mvi, Nyemo. Kofia ya baraghashia, fimbo, suti moja ya zamani mkononi. Walimchagua makusudi. Mama Sechelela alimwona, akainuka kitini, akapokea ile suti kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba," akasema. Na yule mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hamjambo?" Wakaongea habari za mvua. Akamuuliza watoto wanasoma wapi. Mimi nilikuwa pembeni nafunga vifungo kwa mkono wangu mzima, nikawa nasikiliza na moyo wangu ukatulia, kama mtu aliye nyumbani.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba tawi limepata sifuri kwenye mapokezi. Sifuri. Mama Sechelela hakusema sentensi, hakutaja jina lake, alitumia salamu isiyoruhusiwa.

Hilo sijalisamehe na sitalisamehe. Sheria za kijinga ziko kila mahali, mtu unazizoea. Lakini mzee yule aliitikia. Mtu anayeitikia marahaba amepokea heshima ya mwenzake, ameiweka mfukoni, anadaiwa utu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, "Binti, hiyo siku hizi mmekatazwa." Aliitikia kwa sauti tamu, akauliza habari za watoto, kisha akatoka nje akampiga sifuri mwenye watoto hao. Ningemkuta barabarani leo sijui ningefanya nini.

Mzee Kapinga alituita. Mama Sechelela akasema, "Nimemwamkia mzee. Naomba niambiwe nimekosa nini, ili nikatubu kanisani."

"Mimi najua hujakosa," Mzee Kapinga akasema, na macho yake yalikuwa chini. "Lakini jina si langu, mama."

Mama Sechelela akaondoka siku hiyo hiyo na kanga yake begani. Alitusubiri kidogo mlangoni, nadhani alitegemea mmoja wetu aseme neno. Hakuna aliyesema. Na mimi nikasema kidogo kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kiti chake kiko wazi, na kazi ya kaunta haihitaji mikono miwili. Kesho yake nilikikalia. Kilikuwa bado kina mto wake aliokuwa ameshona mwenyewe. Nilifurahi, Nyemo. Nilikuja nyumbani nikamwambia mama yako Mungu amefungua mlango. Nikikumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Basi nikawa mtu wa sentensi. Niliisema vizuri kuliko wote, kwa woga. Niliwaambia karibu kwenye familia wazee waliojenga mji huu, na watoto wa shule waliotumwa na mama zao, na niliona wazee wanavyosita kidogo, wakingoja kitu ambacho hakiji. Unazoea.

Hadi siku aliyoingia babu yako wa Kibaigwa, kaka yake baba yangu. Alikuja mjini kutazamwa macho, akaona apite amsalimie mtoto wake, yaani mimi. Hapo kaunta alikuwepo mteja mmoja mgeni, mwanamume wa miwani myeusi, haongei, anatazama tazama kuta. Nikajua kabisa, huyu ni Mzimu. Na babu yako akavuka kizingiti, akasimama, mikono nyuma, kama anavyosimama akingoja kuamkiwa.

Nikatazama miwani ile. Nikamtazama baba yangu mkubwa. Nikasema, "Karibu kwenye familia ya usafi. Naitwa Yohana. Nikuhudumie vipi leo?"

Yeye ndiye aliyenishika nilipobatizwa. Yeye ndiye aliyesema mtoto aitwe Yohana. Nilimtajia jina langu mtu aliyenipa jina hilo, tena nikatabasamu, maana tabasamu nalo lilikuwa na alama zake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kwa macho yale yaliyokuwa yanaingia ukungu, akasema, "Asante, Yohana. Nadhani nimekosea mlango." Akageuka. Sikumfuata, kwa sababu kaunta haiachwi wazi mteja akiwepo. Na yule wa miwani? Dereva wa ofisi moja, alikuja kuchukua mashati ya bosi wake, alikuwa anatafuta kibao cha bei.

Kibaigwa wakamuuliza kama alimwona mtoto wake. Akawajibu, "Nimeona mtu anayefanana naye."

Ulikuwa darasa la pili au la tatu, unamkumbuka yule beberu mweupe uliyekuwa unampa maganda ya ndizi? Uliuliza kaenda wapi, nikakwambia ameenda kutembea kwa ndugu zake, ukalia hadi ukalala. Hakwenda kutembea. Wazee walinipiga faini ya mbuzi kwa kumkana mkubwa wangu mbele za watu, na mbuzi niliyekuwa naye ni huyo. Nilimpeleka Kibaigwa kwenye lori la mahindi. Nikakaa chini mbele ya wazee, nikaamkia kama inavyotakiwa, nikasema nimekosa.

Babu yako akapokea kamba ya mbuzi. Halafu akaniuliza kwa upole, "Yamekwisha. Sasa niambie tu, mwanangu, huyo uliyemwogopa hadi ukanikana, ni nani?"

Nikaanza kuwahesabu kichwani. Mzee Kapinga? Hapana, yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Yule kijana wa tai? Alikuwa ametumwa. Binti wa simu? Wale wa nje? Sikuwa na jina wala sura ya kumpa. Wazee waliningoja, nikasema, "Simjui, baba." Mmoja wao akacheka akasema hajapata kuona mtu akimlipia mbuzi mtu asiyemjua.

Niliendelea kukaa kaunta ile hadi ulipomaliza shule. Ada yako ilitoka pale, sikatai, na ndiyo maana nimekaa kimya muda wote huu. Ulipomaliza tu, wenye jina walimnyang'anya Mzee Kapinga jina lao wakampa mtu mwingine mwenye mtaji mnono. Walikuja na ngazi wakang'oa kibao, mzee amekaa kwenye ndoo ya sabuni anawatazama. Tukamwendea mwenye tawi mpya tuliotumikia miaka yote ile, akatupokea vizuri, akasema, "Jamani, mimi nimenunua jina, sikununua watu." Ndipo nikaanza kupiga pasi ya mkaa hapa kibarazani Ipagala, kwa mkono mmoja na nusu, na kila anayepita asubuhi ananiamkia au namwamkia kwa kadiri ya umri wake, na hakuna anayeandika chochote.

Sasa unaona kwa nini wali ulinishinda. Miaka yote hii nimekuwa nikimtafuta yule mtu ambaye sikuweza kumtaja mbele ya wazee. Juzi nikiwa na sahani mapajani nikamsikia anajieleza mwenyewe, anaingia kama mteja wa kawaida, wenyewe hawajui yeye ni nani. Ana sauti ninayoifahamu. Nilimlea mimi. Kama babu yako angeniuliza swali lile leo, ningekuwa na jina la kumpa.

Usilie. Nina hasira nawe kidogo na nina hasira nao sana, na nyingine iliyobaki ni yangu mwenyewe. Sikwambii usiende. Umesoma, umetafuta kazi hadi viatu vikaisha soli, na kama si wewe watamtuma mwingine, pengine mzee mwingine wa baraghashia mwenye sauti tamu. Wala sikwambii uwapandishie watu alama za uongo. Nguo ikiwa chafu, andika ni chafu. Mtu akiwa na kiburi, andika. Namjua dobi mzembe kuliko wewe unavyomjua.

Lakini iko siku utaingia tawi moja huko, Sengerema au Bunda au wapi, na nyuma ya kaunta atakuwepo mtu wa rika langu, fulana imemkaa vibaya, pengine mkono mmoja kauficha. Atakuona, atavuta pumzi aseme sentensi yake, kwa sababu ameambiwa mteja asitangulie. Mtangulie wewe. Mwambie shikamoo, baba. Atababaika. Halafu, kwa kuwa alilelewa na watu, ataitikia marahaba, na sentensi ya makao makuu itampotea yote.

Kwa sheria yao hiyo ni sifuri. Utatoka nje, utatoa simu yako uandike, na hakutakuwa na mtu wa kukuona. Mimi sitakuwepo, babu yako hatakuwepo. Utakuwa wewe tu na marahaba yake uliyomtoa mwenyewe mdomoni.

Barua hii naiweka chini ya karanga kwenye begi lako, utaikuta ukifika. Hapana, nimebadili mawazo, nitakupa ukirudi leo. Isome. Usije ukanijibu, wala kesho stendi usinieleze lolote.

Niamkie tu, niitikie.

Baba yako,
Yohana